Walwal ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Lodwar

Joto kali. Wateja wachache, na mmoja wao alikuwa na upara.

Leo nimefukuzwa katika hoteli ya Maryanne, ile ya karibu na stendi. Si kosa langu. Mapatano yetu yalikuwa wazi: mimi namsifia walwal yake kwa wateja wangu wakiwa kwenye kiti changu cha kinyozi, kichwa kimeinama, hawana pa kukimbilia, yeye ananiletea sahani moja bure kila Jumatatu. Nimetimiza upande wangu. Lakini leo mteja mmoja mbishi aliniuliza kama kweli walwal ya Maryanne ndiyo bora hapa Lodwar. Nikasema ndiyo. Akauliza, bora kuliko ya nani? Nikasema, kuliko njaa. Maryanne alikuwa amesimama mlangoni na sahani yangu mkononi. Amerudi nayo, na amesema nisikanyage tena kwake.

Ukweli ni kwamba Maryanne anachemsha. Walwal haichemshwi! Nimemweleza jirani yangu Erupe, anayechoma nyama ya mbuzi hapa kando, kwa mara ya mia. Unachukua unga wa mtama, unaunyunyizia maji, unausuka kwenye ungo mpaka uwe vitonge vidogo vidogo, halafu unavipika kwa mvuke. Mvuke! Erupe akasema kwake yeye hiyo ni ugali iliyogombana ikatawanyika. Mturkana huyu hana heshima.

Ile nyingine ya mtaa wa Nawoitorong inapikwa kwa unga wa mahindi. Sitasema zaidi. Ya kule karibu na daraja ina mchanga, na mwenyewe anasema mchanga ni wa upepo, kana kwamba upepo si wa kwake.

Nyanya Nyakim hakuwa na hoteli. Alinilea kambini Kakuma, na chombo chake kilikuwa kopo la mafuta ya msaada, kitako amekitoboa matundu kwa msumari. Aliliweka juu ya sufuria ya maji, akaziba ukingo kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke, kisha akakaa kando yake kulilinda. Dhidi ya nani? Dhidi yangu. Unga alikuwa ameulaza usiku kucha, umechachuka kidogo tu. Maziwa ya mbuzi tulibadilishana na mama mmoja wa Kiturkana kwa unga wa mgao. Vitonge vya moto, maziwa baridi. Tulikula kimya. Tangu afariki nimekula walwal kila penye moshi, kuanzia hapa hadi Kakuma, na sijaipata ile. Nimemkumbuka sana leo. Labda ni njaa.

Jumatano, 3 Septemba

Muujiza!

Lueth, dereva wa lori, amekuja kunyolewa akitokea Kakuma. Kwapani ana bakuli limefungwa kwa kitambaa. Nikauliza ni nini. Akasema walwal, ya jana, imebaki. Nikamwambia ndevu nitamnyoa bure akinionjesha. Akafikiri nina wazimu, lakini akakubali upesi.

Imepoa. Imekauka. Haina maziwa. Nikatia kidole kimoja mdomoni, na nikalia. Hapo hapo, wembe mkononi. Lueth alishika shingo akidhani nimemkata.

Ni ile! Uchachu ule ule kidogo, moshi ule ule. Kama ikiwa baridi iko hivi, ikiwa moto iko vipi? Nikamuuliza mpishi ni nani. Hajui jina. Mama mmoja amefungua hoteli ya turubai Hong Kong, mtaa wetu wa zamani kule kambini, pazia la mlango ni la buluu. Kesho kutwa nafunga kinyozi. Wenye nywele wavumilie.

Ijumaa, 5 Septemba. Kakuma, kisha Lodwar kwa kasi

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Hong Kong saa ya chakula cha mchana. Pazia la buluu lipo. Harufu nimeipata tangu kwenye kona. Miguu ilitangulia, mimi nikafuata. Nimekaa kwenye benchi. Nimeagiza kwa kijana anayefuta meza: walwal, maziwa mengi, upesi. Nimefumba macho kungoja. Nikasikia sauti ya mama ikiuliza kutoka jikoni kama mgeni anataka sukari.

Naijua sauti hiyo! Ni Mama Nyaruach. Mama wa mchumba wangu Nyaruach! Nyaruach aliniambia mama yake ameanza biashara. Sikuuliza biashara gani. Nilikuwa naangalia simu.

Kwetu Wanuer mwanamume haonekani akila mbele ya mama mkwe. Hata mchumba, haonekani. Ni aibu isiyo na dawa. Unaweza kuwa na ng'ombe wa kujaza boma, ukionekana unatafuna mbele ya mama wa msichana, watu wake wanakusanya fimbo zao na kwenda nyumbani. Na Jumamosi wiki ijayo mimi na wajomba zangu tunakaa na baba mdogo wake Nyaruach, mzee Ruot, kuzungumzia mahari. Miaka miwili nimengoja siku hiyo!

Sahani ilikuwa inakuja. Niliona vidole vyake kwenye ukingo wa pazia la jikoni. Nikatoka. Hoteli ile haikuwa na dirisha. Sasa inalo.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nimemsindikiza Nyaruach hadi Nawoitorong, anakofanya kazi kwenye gesti. Nikamuuliza, kwa mbali kabisa, kama yeye anajua kupika walwal kama ya mama yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema walwal yake yeye, mama aliwahi kuwapa kuku, na kuku wakaangaliana. Ule ni mkono wa mama, hakuna mwingine mwenye nao nyumbani.

Nikauliza kama desturi ile ya mkwe kutokula ina mlango wa nyuma. Akasimama. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nauliza tu, kwa faida ya elimu. Akaniambia nisikilize vizuri. Jal naye ametuma watu kwa mzee Ruot kumposa. Jal! Yule wa shirika, mwenye pikipiki na kitambulisho kinachoning'inia shingoni hata kanisani. Mzee Ruot anampenda sana. Jal akipita kwa Mama Nyaruach anakaa nje, mgongo wima, hata maji hanywi, hata mate hamezi. Nyaruach akasema yeye ananitaka mimi, Mungu amsamehe, lakini nikijiaibisha mbele ya mama yake kabla ya Jumamosi basi yamekwisha, na hatakuwa na la kunisaidia.

Nimemwahidi. Nilimaanisha kabisa. Nyaruach ndiye mtu pekee anayecheka utani wangu kabla sijaumaliza. Sitamchezea.

Lakini kumtuma mtu si kula.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemtuma Erupe. Mturkana anaweza kula mbele ya mama wa mtu yeyote. Nimempa chombo cha kuhifadhi moto chenye kifuniko cha kukaza, na kingine cha maziwa. Maagizo: nunua, funga, rudi, usifungue.

Amerudi jioni. Vyombo vyote viwili vitupu na vimeoshwa. Nikamuuliza. Akasema gari liliharibika njiani, jua lilikuwa kali, akaona walwal inateseka. "Hii kitu yako si ugali," akaniambia kwa unyenyekevu mkubwa. "Hii kitu inalala vizuri kwa tumbo. Mimi nakumbuka mama yangu, na mama yangu hakupika hii hata siku moja."

Eti nakumbuka mama yangu! Kumbukumbu zangu mimi ndizo amekula! Nimemnyima salamu tangu saa kumi na mbili. Amekuja mlangoni mara mbili kusema ejok, salamu ya kwao, na mara zote nimewasha mashine ya kunyolea.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata njia. Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Aliyekatazwa kula ni mimi, Gatluak. Mgeni yeyote mwingine yuko huru. Kambi imejaa Wakongo, na Mkongo anakula popote. Nimekopa shati la kitenge kutoka kwa mteja wangu wa Bukavu, lina kasuku wakubwa. Kofia. Miwani myeusi. Nimefanya mazoezi ya lugha mbele ya kioo mchana kutwa: "Bonjour mama, miye minasikia njala mingi." Erupe (tumepatana, amenipa mbavu) anasema Mkongo mrefu hivi hajawahi kumwona. Nikamwambia hajatembea.

Nyaruach sitamwambia. Asichokijua hakitamkosesha usingizi.

Alhamisi, 11 Septemba. Kakuma

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa Tarach, mto hauna maji, nami sina nguvu za kutafuta gari.

Mambo yalianza vibaya kwenye kizuizi cha polisi. Nilikuwa nimeshaanza kuwa Mkongo ili nizoee. Askari akasoma kitambulisho, akaniangalia, akasoma tena. Akauliza kwa nini Gatluak anaongea hivyo. Nikamwambia nina homa.

Hong Kong, pazia la buluu. Dirisha langu limeshonwa kiraka. Nikakaa kona ya giza, nikamtupia bonjour Mama Nyaruach mwenyewe, uso kwa uso! Akanitazama kwa muda. Mama mfupi, mtulivu, kitambaa cheupe kichwani. Akauliza Mkongo atakula nini. Nikasema miye niko nataka ile kintu ya mvuke. Akaenda. Jikoni nikaona, kupitia upenyo wa pazia, kopo la mafuta juu ya sufuria. Kopo! Ukingo umezibwa kwa unga.

Ikaja. Ya moto, maziwa baridi pembeni. Nikamwaga, nikachota kijiko cha kwanza.

Niseme nini? Nilikuwa na miaka saba. Nyanya alikuwa pale, na goti lake bovu, na wimbo wake usio na maneno. Nilimwona akiniachia ya chini ya kopo, ile iliyoshika moshi zaidi, akijifanya ameshiba. Hakuwa ameshiba. Sikulijua hilo nikiwa na miaka saba. Nimelijua leo, na kijiko mdomoni, na miwani yangu ilijaa ukungu.

Mama Nyaruach alikuwa amekaa nyuma ya pazia la jikoni, ananipa mgongo. Akaanza kuzungumza, si nami hasa, na hewa. Akasema Mkongo anakula kama mtu aliyepotea akapatikana. Akasema yeye mwenyewe alifika kambi hii akiwa bado msichana, hajui kupika chochote, na kulikuwa na mama mmoja jirani aliyemfundisha kulaza unga, kusuka, kuziba mvuke. "Jina yake Nyakim," akasema. Baadaye yeye alirudi nyumbani wakati wa amani, vita ikamrudisha tena huku, akaambiwa Nyakim ameshakufa. Hakumzika. Hilo humuuma mpaka leo. Akasema Nyakim alikuwa na mjukuu mmoja mdogo, mwizi, alikuwa anatia mkono kwenye kopo la moto anaungua, kesho anatia tena. Anasikia sasa ni mtu mzima na anataka kuoa. Mungu amsaidie msichana.

Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumwambia ni mimi. Badala yake nikasema, "Pole sana mama, miye siko namujua." Nikachota kijiko kikubwa kuuficha uso.

Ndipo akaingia Jal.

Kitambulisho shingoni. Alikuja kumsalimia mama, kwa heshima, akiwa amesimama karibu na mlango, macho chini. Akaniona. Akaona urefu. Akaona vidole vyangu vya kinyozi. Hakuuliza kitu, mjanja yule. Alinikaribia akanisalimia kwa Kinuer, kwa uchangamfu tu, "Maale!"

Na mimi, mdomo umejaa, maziwa kidevuni, nikajibu kama nilivyolelewa: "Maale mi goa!"

Jal akatabasamu meno yote. Akamwambia mama, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, amtazame vizuri mteja wake. Mama Nyaruach hakugeuka. Akasema, akiwa bado ametupa mgongo, kwamba Wakongo ni watu wa akili, wanashika lugha haraka, na Jal aache kusumbua watu wanaokula.

Jal akaondoka. Nilisikia pikipiki ikielekea upande wa kwa mzee Ruot.

Nilimaliza sahani. Najua, najua. Lakini ilikuwa bado ya moto.

Ijumaa, 12 Septemba. Lodwar

Nimemkata mteja sikio. Kidogo.

Nyaruach amekuja. Hakuketi. Akaniuliza kama namfahamu Mkongo fulani mwenye shati la kasuku. Nikasema Lodwar ina Wakongo wengi. Akaniangalia mpaka nikaangalia sakafu. Akasema Jal amemweleza baba yake mdogo kila kitu, na kesho jambo la kwanza litakalozungumzwa ni hilo, kabla ya ng'ombe. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema alikuwa ameshachagua kitambaa cha kuvaa siku ya mahari. Halafu akaenda.

Ningependa anitukane. Kitambaa! Rangi gani? Sikuuliza hata rangi.

Erupe ananishauri nikimbilie Nakalale, binamu yake anatafuta mchunga mbuzi asiyependa maswali. Nilifikiria kwa uzito. Lakini nikikimbia, Jal anaoa. Nitakwenda. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 13 Septemba. Kakuma

Wajomba zangu upande huu, watu wa mzee Ruot upande ule, wanawake nyuma ya pazia. Jal amekuja "kusikiliza tu". Sijala tangu jana, hata chai, ili ionekane.

Mzee Ruot ana sauti ya kuhubiri bila kipaza sauti. Akasema kabla ya lolote kuna neno limemfikia. Kijana huyu anayetaka binti yetu amesemwa kwamba alikaa kwa mama wa binti, akala, akanywa maziwa, mchana kweupe. Wajomba zangu wakanigeukia wote pamoja. Nyuma ya pazia nilimsikia Nyaruach akikohoa, na najua kikohozi chake, hakikuwa kikohozi.

Mzee Ruot akasema anayejua ni mmoja. Akamuuliza mama wa binti, kupitia pazia, aseme mbele ya Mungu na watu: je, amewahi kumwona Gatluak akila?

Niliutazama udongo. Nilimwomba Nyanya, si Mungu, Mungu anisamehe.

Sauti ya Mama Nyaruach ikatoka, ya kawaida tu, kama mtu anayeulizwa bei. Akasema yeye Gatluak hajamwona akila, hata siku moja. Alikuwa na mteja Mkongo siku ya Alhamisi. Tena siku hiyo yeye alikuwa amempa huyo Mkongo mgongo tangu kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa hiyo hata Mkongo hajamwona akila. Kama Jal alikuwa anahesabu vijiko vya watu kwenye hoteli yake, basi Jal ndiye aulizwe alikuwa anatafuta nini pale saa ya chakula.

Mjomba wangu mkubwa alianza kucheka kwanza. Halafu wote. Mzee Ruot alijikaza, alijikaza, mwishowe akafunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanatikisika. Jal akakumbuka ana mkutano.

Tumekubaliana. Ng'ombe wengine watalipwa polepole, lakini tumekubaliana! Mzee Ruot akanipa sharti moja: kwa mama mkwe sitii kitu mdomoni mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na tufanyiwe sherehe yake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Nilipotoka, Mama Nyaruach alikuwa amesimama mbali, uso upande mwingine, kama inavyotakiwa. Akamwambia Nyaruach, kwa sauti ya kunifikia, amwambie mume wake mtarajiwa kwamba Nyakim angefurahi leo. Nililia tena, barabarani, mbele ya mzee mmoja na punda wake. Nyaruach akanipa ncha ya kitambaa chake. Cha kijani. Sasa najua.

Naapa hapa, kwa maandishi: sitamfanyia mama yule ujanja tena. Sitavaa shati la mtu. Nitakuwa mkwe mwenye heshima kuliko wakwe wote, mgongo wima, hata mate sitameza.

Jumatano, 24 Septemba. Lodwar

Lueth amekuja kunyolewa. Anatoka Kalokol, amepakia samaki wakavu, na kinyozi kizima sasa kinanuka ziwa. Amenipa habari. Kuna mama kule ufukoni, anaitwa Ayak, anapika walwal juu ya mchuzi wa samaki badala ya maji, mvuke wote unapanda na utamu wake. Nikauliza amejifunza wapi. Akasema kwa dada yake mkubwa, yule wa pazia la buluu kule Kakuma.

Yaani mama mdogo wa Nyaruach! Mkono ule ule wa Nyanya, ila na samaki!

Nimempigia simu mzee Ruot kumsalimia. Katikati ya salamu nikamuuliza, kwa faida ya elimu, kama mama mdogo wa mke naye anahesabika kuwa mama mkwe. Akasema anahesabika sana, tena huyo Ayak ni mkali kuliko dada yake na hageuzii mtu mgongo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema mtandao unakatika.

Wenye mkono ule wamebaki wawili duniani. Mmoja nimekatazwa mpaka mtoto azaliwe. Sasa nifanyeje, nife bila kuonja?

Nimeacha kunyoa ndevu tangu asubuhi. Erupe anasema Mkongo wangu hakuwa na ndevu. Namwambia huyo Mkongo amesharudi kwao. Safari hii mimi ni Mhabeshi.